Timu Inafungwa, Sisi Tunarudi na Fulana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mechi za Timu Mbovu ya NBA

NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Amerika Kaskazini, ina timu 30, na kila usiku wa mechi nusu ya waliocheza hulala wamefungwa. Baadhi yao hulala hivyo karibu mwaka mzima. Mimi ni shabiki wa timu ya namna hiyo. Sitaitaja, imeshateseka vya kutosha. Ndugu na marafiki wanaofika Marekani, na wengine walioishi huku miaka bila kukanyaga ukumbi wa mpira wa kikapu, huniuliza kwa nini bado nanunua tiketi, na wakikubali kunisindikiza huwa na maswali yao mengine. Haya hapa, pamoja na majibu. Mengine ni marefu na mengine ni mstari mmoja tu.

Kwa nini nilipie kutazama timu ninayojua itafungwa?

Kwa sababu hulipii ushindi peke yake. Kila timu ya NBA hucheza mechi 82 za msimu wa kawaida, 41 kati ya hizo nyumbani. Iwe bingwa, iwe inaburuta mkia, inatakiwa kutafuta watu wa kukaa vitini kwa usiku 41. Kocha hawezi kuahidi ushindi Jumanne ijayo. Idara ya masoko inaweza kuahidi fulana Jumanne ijayo, na itakupa. Timu inayoshinda haina haja ya kukubembeleza, tiketi zake zinagombaniwa. Timu mbovu hukubembeleza tangu mlangoni: kofia, soksi, bango, mshereheshaji anayekuita "familia", na kiti kizuri kwa bei ambayo shabiki wa timu bingwa haipati hata paani.

Ukienda kwa ajili ya matokeo tu, utarudi umenuna. Ukienda kwa ajili ya jioni nzima, matokeo yanakuwa kitu kimoja kati ya vingi vilivyotokea.

Hiyo "mbovu" ni mbovu kiasi gani?

Kuna viwango. Philadelphia 76ers wa msimu wa 1972–73 walishinda mechi 9 na kufungwa 73. Charlotte Bobcats wa 2011–12, katika msimu uliofupishwa hadi mechi 66 kwa sababu ya mgogoro wa mikataba kati ya wamiliki na wachezaji, walishinda 7 tu. Detroit Pistons wa 2023–24 walifungwa mechi 28 mfululizo, wakamaliza na ushindi 14 na vipigo 68. Basi ukiona timu yako imefikisha ushindi wa 20, shukuru. Wapo waliokesha wakiuota.

Ipo pia timu iliyofanya kufungwa kuwa ajira. Washington Generals, wapinzani wa kudumu wa Harlem Globetrotters, timu ya kikapu cha maonyesho, walizunguka dunia wakifungwa usiku hata usiku ili watu wacheke. Tarehe 5 Januari 1971, mjini Martin, Tennessee, wakiwa wamevaa jina la New Jersey Reds, walishinda 100–99 kwa mtupo wa Red Klotz, aliyekuwa mwenye timu, kocha na mchezaji kwa pamoja. Ukumbi haukufurahi hata kidogo. Hapo unaona kuwa watu wanaweza kununua tiketi wakijua fika nani atafungwa, na wakadai kupewa walichonunua.

Mbwembwe zote hizi si za kufunika mpira mbaya?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Sitabisha. Ukisikia ngoma na vigelegele vya spika wakati ubao unasoma tofauti ya pointi 27, ujue kuna mtu mbele ya kompyuta anayejitahidi usiutazame ubao.

Lakini jaribio la kuziondoa lilikwishafanyika. Machi 5, 2017, New York Knicks, ambao msimu ule walifungwa mechi 51, waliwakaribisha Golden State Warriors katika Madison Square Garden. Waliamua kwamba nusu ya kwanza ichezwe bila muziki, bila video, bila mshereheshaji. Mpira mtupu, kama zamani. Kilichosikika ni viatu vikilia sakafuni na watu wakikohoa. Wachezaji wenyewe walishangaa, na Draymond Green wa Warriors alilalamika waziwazi baada ya mechi kwamba jambo lile liliharibu mwendo wa mchezo. Nusu ya pili muziki ulirudi. Knicks walifungwa vilevile, 112–105.

Mimi ni mtu wa mpira, na ningependa kusema ukimya ule ulikuwa mtamu. Ila naona Green alikuwa na hoja. Mchezo huu umezoea kelele zake, na timu inayofungwa kimya kimya inahuzunisha kuliko inayofungwa kwa ngoma.

Burudani hutokea wakati gani hasa? Sitaki kukosa.

Hapa ndipo ujuzi unapolipa. Mechi ni dakika 48, robo nne za dakika 12, lakini utakaa ukumbini zaidi ya saa mbili. Burudani inaishi ndani ya tofauti hiyo. Kila timu ina taimauti saba, yaani nafasi za kuomba mchezo usimame kidogo, na kanuni zinataka kila robo iwe na taimauti mbili za lazima: mpira ukisimama mara ya kwanza baada ya saa ya mchezo, inayohesabu kurudi nyuma, kushuka chini ya dakika saba, na tena baada ya kushuka chini ya dakika tatu. Kama kocha hajaomba, itaitwa tu. Televisheni inapata matangazo yake, na ninyi mliomo ukumbini mnapata mbio za watoto, ngoma, kamera inayowaonyesha mashabiki wakicheza, na mizinga ya kurushia fulana.

Kwa hiyo usishangazwe. Saa inapokaribia 7:00, acha kutazama mpira sekunde moja, tazama pembe za uwanja. Utawaona vijana wamechuchumaa kwenye ngazi, mifuko ya fulana mabegani. Wao wanajua kinachokuja, na sasa na wewe unajua. Ikikaribia 3:00, hivyo hivyo.

Kubwa kuliko zote ni dakika 15 za mapumziko ya katikati, kisha mapengo mafupi kati ya robo na robo.

Basi niende chooni saa ngapi?

Wakati mpira unachezwa. Najua inasikika kama kufuru. Lakini ukienda wakati wa mapumziko utapanga foleni na ukumbi mzima, na utakosa onyesho. Ukienda robo ya pili ikiwa imebakiza dakika kumi hivi, wachezaji wa akiba ndio wako uwanjani, korido tupu, na utarudi kabla ya taimauti ya kwanza. Chakula pia kinunue muda huo.

Nitarajie nini wakati wa mapumziko?

Inategemea usiku. Kuna siku utaletewa watoto wa shule za jirani wacheze mechi ya dakika tano, na nakuomba usikimbilie korido. Hakuna mpira wa kweli kuliko ule wa mtoto wa miaka saba aliyefunga kikapu kwenye uwanja wa NBA, hata kama amefunga kwenye goli la timu yake. Kuna siku utaletewa mbwa wanaodaka visahani, wanasarakasi, au wanandoa wanaobadili nguo kufumba na kufumbua.

Ukiona kwenye ratiba jina Red Panda, nunua tiketi hata kama timu imefungwa mara kumi. Jina lake ni Rong Niu. Anapanda baiskeli ya gurudumu moja yenye urefu wa zaidi ya mita mbili, anapanga bakuli juu ya mguu wake, kisha anazirusha zitue kichwani, moja, halafu mbili, halafu nyingi, huku akinyonga kwa mguu mmoja ili asianguke. Julai 2025, kwenye fainali ya kombe la WNBA, ligi ya wanawake, mjini Minneapolis, baiskeli ilimwangusha akavunjika kifundo cha mkono, na taarifa zake zilishika vichwa vya habari za michezo sambamba na za mechi yenyewe. Ukumbi ambao haujasimama jioni nzima utasimama kwa ajili yake. Bakuli la mwisho linapopaa, hakuna anayekumbuka ubao unasoma nini.

Zawadi za mlangoni nitazipataje?

Soma maneno madogo. Tangazo likisema "kwa mashabiki 10,000 wa mwanzo", wa 10,001 haambulii kitu, na timu haina deni naye. Milango kwa kawaida hufunguliwa saa moja hadi saa moja na nusu kabla ya mechi. Kama ni kofia au bango, fika milango inapofunguliwa, inatosha. Kama ni kile kisanamu cha mchezaji chenye kichwa kikubwa kinachonesanesa kwenye springi, fika kabla. Visanamu hivyo vina wakusanyaji wake, watu wazima wenye familia na mikopo ya nyumba, nao hawana mzaha kwenye foleni. Chelewa chelewa, utakuta kisanamu si chako.

Mambo matatu niliyojifunza kwa kukosa. Kwanza, timu huchapisha kalenda ya zawadi mwanzoni mwa msimu, basi chagua mechi ukiwa na kalenda hiyo mkononi. Pili, zawadi hutolewa kwa anayeingia, si kwa tiketi. Mwenzako anayeegesha gari hawezi kuchukuliwa yake, mpaka apite mlangoni mwenyewe. Tatu, uliza kama inatolewa kwenye milango yote. Nimewahi kusimama dakika arobaini kwenye foleni ya mlango ambao haukuwa na kitu, na mhudumu akanieleza hayo kwa tabasamu.

Jambo la kuchekesha na timu mbovu: kisanamu hupangwa miezi kabla, mchezaji huuzwa timu nyingine katikati ya msimu, na unajikuta unapewa sanamu ya mtu aliyeondoka. Chukua tu.

Na fulana zinazorushwa?

Keti mahali ambapo mikono inafika. Viti vya chini hupata za kurushwa kwa mkono, na ngazi ya juu hupata za mzinga. Maeneo ya katikati, hasa chini ya kibaraza cha ngazi ya juu, hayapati chochote, kwa sababu paa linakinga. Simama, piga kelele, mtazame mrushaji machoni. Ukiwa na mtoto mbele yako, umepoteza. Mtoto ndiye atakayepewa, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Usiruke juu ya watu. Ni kitambaa cha pamba chenye nembo ya benki.

Nimesikia mashabiki hupata chakula cha bure. Kweli?

Kweli, na hapa ndipo ninapopenda mchezo huu kupita kiasi. Wadhamini huweka sharti: likitokea jambo fulani uwanjani, kila mwenye tiketi au mwenye programu ya simu anapata kitu mgahawani kesho yake. Sharti likishawekwa, mechi iliyokufa inafufuka. Los Angeles, kwa miaka mingi, Lakers wakishinda huku mpinzani akiwa chini ya pointi 100, watu walipata taco, ile chapati ya Kimeksiko iliyojazwa nyama. Dakika za mwisho za mechi iliyokwisha amuliwa, ukumbi ulikuwa ukiimba kudai taco kana kwamba ni fainali.

Kwa timu mbovu, sharti zuri ni lile lisilodai ushindi. Linalopendwa sana ni la mitupo huru, ile anayopewa mchezaji aliyechezewa faulo: mpinzani akikosa mitupo miwili mfululizo katika robo ya nne, mashabiki wote wanakula kuku. Clippers, timu nyingine ya Los Angeles, walikuwa nalo mwaka 2024. Tarehe 14 Aprili 2024, siku ya mwisho ya msimu, Houston Rockets walikuwa Los Angeles, na Boban Marjanović, jitu la futi saba na ziada ambalo zamani lilichezea Clippers hao hao, alikwenda kwenye mstari robo ya nne. Akakosa wa kwanza. Ukumbi ukalipuka. Boban akawatazama watu, akajionyesha kidole kifuani, yaani "niachieni mimi", kisha akaukosesha wa pili makusudi kabisa. Rockets walishinda mechi. Mashabiki wa Clippers waliondoka wamefungwa, wamepata kuku, na wakimshangilia mpinzani.

Ushauri: pakua programu ya timu kabla ya mechi. Vocha nyingi huja humo, na intaneti ya ukumbini watu elfu kumi na nane wakiitumia kwa pamoja hukwama.

Nawezaje kuchaguliwa kwenye mashindano ya katikati ya uwanja?

Wengi hudhani ni droo. Mara nyingi si droo. Kabla ya mechi na wakati wa robo ya kwanza, vijana wa timu huzunguka kwenye korido na ngazini wakitafuta sura. Wanataka mtu mchangamfu, aliyevaa rangi za timu, asiyeelekea kulewa, na atakayekubali bila kwenda kuuliza ukoo. Fika mapema, pita karibu na meza ya huduma kwa mashabiki, cheza kidogo muziki ukipigwa. Wakikuuliza kama uko tayari, jibu ndiyo kwanza, uoga utafuata baadaye. Utasaini fomu, utapelekwa chini kwenye kona, na utagundua kuwa goli lililoonekana kubwa kwenye televisheni ni dogo kama kikombe.

Kisa ambacho kila mrushaji wa mtupo wa mbali hukisikia ni cha Don Calhoun. Aprili 14, 1993, Chicago, Bulls wakicheza na Miami Heat, Calhoun, kijana wa miaka 23 aliyekuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ofisi, aliitwa uwanjani wakati wa taimauti ya robo ya tatu. Alitakiwa kurusha kutoka mstari wa mitupo huru wa upande mmoja hadi goli la upande wa pili. Dau: dola milioni moja. Inasimuliwa kwamba alichaguliwa kwa sababu ya viatu vyake vya njano. Alirusha kwa mkono mmoja, kama anayetupa jiwe kwenye embe, na mpira ukaingia safi.

Kilichofuata ndicho cha kuzingatia. Zawadi kubwa kama hizo hazitoki mfukoni mwa timu. Timu hulipa bima, na kampuni ya bima ndiyo inayobeba hatari. Bima ile ilikuwa na sharti kwamba mrushaji asiwe amewahi kucheza kikapu cha chuo katika miaka ya karibuni. Calhoun alikuwa amecheza kidogo chuoni. Bima ikagoma kulipa. Timu na wadhamini wakaamua kulipa wenyewe, dola 50,000 kila mwaka kwa miaka 20, kwa sababu nchi nzima ilishaiona ile picha.

Basi ukiulizwa kwenye fomu kama uliwahi kucheza, sema kweli. Usitegemee kila timu itakuwa na huruma ile. Na kama hujawahi kucheza, rusha kwa nguvu kuliko unavyodhani. Karibu kila anayekosa ninayemwona, mpira wake humfia njiani.

Zawadi hizo zinakatwa kodi?

Kwa sheria ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, zawadi ni kipato. Fulana haitakusumbua. Gari litakusumbua, na litakusumbua kwa thamani yake kamili hata kama wewe ulihitaji friji.

Nikiwa na watoto?

Mechi ya timu mbovu ni mahali pazuri kuliko pote pa kumpeleka mtoto. Kuna nafasi, watu hawana hasira, na maskoti, yule mwigizaji anayevaa umbo la mnyama wa timu, ana muda wa kuja hadi kwenye kiti chenu.

Maskoti wa NBA si mtu aliyevaa manyoya akapunga mkono tu. Benny the Bull wa Chicago yupo tangu 1969. Sokwe wa Phoenix Suns alianza kwa bahati: mwaka 1980 mtu aliyevaa kama sokwe alikuja ukumbini kupeleka salamu za kuimba alizotumwa na mteja, akachezacheza, watu wakampenda, akaambiwa arudi. Rocky wa Denver, aliyeanza 1990, anajulikana kwa kusimama katikati ya uwanja, kuligeuzia goli mgongo na kurusha mpira juu ya kichwa chake. Na unaingia. Nawaambia wanangu wamtazame kwa makini, kwa kuwa kuna usiku ambao ndiye mrushaji bora jengoni.

Beba vizuia kelele vya masikio kwa mtoto mdogo. Spika hazina adabu. Na uangalie kanuni za mifuko ya ukumbi husika kabla ya kutoka nyumbani, maana kumbi nyingi hukataa begi la mgongoni.

Nichague mechi ipi?

Kuna njia mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kufuata mgeni. Mgeni njoo mwenyeji apone: nyota mkubwa akija mjini, ukumbi unajaa hata kama wenyeji ni wabovu, na utaona kikapu cha hali ya juu, ingawa kutoka upande usio wako. Tiketi hupanda siku hiyo. Angalia pia kama timu ya mgeni ilicheza jana yake, maana nyota huweza kupumzishwa na ukabaki na picha yake kwenye skrini.

Ya pili ndiyo yangu. Mechi ya katikati ya wiki, mpinzani asiye na jina, na kwenye kalenda pameandikwa zawadi. Bei iko chini, wafanyakazi wana muda, na uwezekano wa kuonekana kwenye skrini kubwa unapanda kwa sababu kamera haina wengi wa kuchagua. Mechi ya kwanza ya msimu mara nyingi huwa na fulana kwenye kila kiti, na mechi za mwisho za Aprili huwa na usiku wa kushukuru mashabiki, ambapo timu humwaga vitu vilivyobaki stoo. Hizo mbili sizikosi.

Naruhusiwa kuzomea?

Umelipa. Zomea mpira, waamuzi, na mmiliki ukitaka. Desemba 2023 Detroit ukumbi mzima uliimba kumtaka mmiliki auze timu, na sidhani kuna aliyewalaumu. Usimzomee mchezaji kijana kwa jina lake, wala mtu aliyekosa mtupo wa shindano mbele ya watoto wake.

Ni kweli timu nyingine hufungwa makusudi?

Wachezaji hawafungwi makusudi, wanapigania mikataba yao. Lakini uongozi unaweza kujenga kikosi kisichoweza kushinda, kwa sababu timu mbovu hupata nafasi nzuri katika bahati nasibu ya kuchagua vijana wapya. NBA iliianzisha bahati nasibu hiyo mwaka 1985 ili kuwe na adhabu kidogo kwa ujanja huo, na kwa kanuni zilizoanza 2019 timu tatu mbovu kuliko zote zilifanywa zilingane: kila moja ilipewa asilimia 14 ya kupata nafasi ya kwanza.

Kuhesabu vipigo kama akiba ni kamari mbaya. Detroit walikuwa wa mwisho 2023 na tena 2024, na mara zote mbili waliangukia nafasi ya tano. Utah walikuwa wa mwisho 2025, nao wakapata ya tano. Mwaka huo nafasi ya kwanza ilichukuliwa na Dallas waliokuwa na asilimia 1.8, wakamchukua Cooper Flagg, kijana ambaye kila timu ilimtaka. Kwa hiyo jirani yako kitini akikwambia "kufungwa leo ni kuzuri", mpe kisanamu chako akishike, wewe shangilia.

Nibaki hadi mwisho?

Baki. Wengi huondoka robo ya nne kukimbia foleni ya magari, na hapo ndipo unaweza kusogea hadi viti vya chini, ukimwomba mhudumu kwa adabu. Wengine hukubali, wengine hukataa, usibishane.

Zaidi ya hapo, dakika zile ambazo mechi imekwisha amuliwa ni za wachezaji wa mwisho wa benchi. Kuanzia Januari 5 timu zinaruhusiwa kusaini watu kwa mkataba wa siku kumi tu. Siku kumi! Kijana anaingia timu ikiwa nyuma kwa pointi 30, na kwake huo ndio usaili wa maisha. Anakimbilia kila mpira, anajitupa sakafuni, anakaba kama fainali. Walioondoka wako kwenye maegesho wamekwama, wanasikiliza redio.

Na ikitokea wameshinda?

Hapo sasa. Desemba 30, 2023, baada ya vipigo 28, Pistons waliwafunga Toronto Raptors 129–127 nyumbani. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Shabiki wa timu bingwa hupata ushindi kama anavyopata kiamsha kinywa, na hawezi kuielewa ile kelele. Msimu uliofuata Detroit hao hao walishinda mechi 44 wakaingia kwenye mchujo wa ubingwa, na tiketi zao hazikuwa rahisi tena. Timu yako ikianza kuinuka, jiandae: foleni itarefuka, maskoti atakuwa na shughuli, na mhudumu hatakuruhusu kusogea.

Fulana niliyodaka ni kubwa mno. Naweza kubadilisha?

Hapana. Zote nilizowahi kudaka zilikuwa saizi kubwa, zimekunjwa na kufungwa kwa mpira kama soseji. Mke wangu analalia mbili, mwanangu ana moja inayomfika magotini, na moja nafutia gari. Ile ya gari ndiyo yenye sura ya mchezaji tuliyemuuza Februari.